Mfuniko wa Mama Mkwe

Hospitali ya Yandala,
Queensland.
9 Februari 1958

Mpwa wangu Coral,

Hujambo, mwanangu? Habari za jiko lisilo na kuta? Mimi ni mzima kuanzia mabegani kwenda chini. Kuanzia mabegani kwenda juu bado kuna mashauriano. Daktari wa hapa, kijana ambaye ndevu bado zinamwonea haya, alinimulika kooni kwa tochi kama mtu aliyedondosha funguo kisimani. Akaandika, akakohoa yeye badala yangu, akaenda zake. Ni jipu tu. Nimeshapata majipu makubwa kuliko hilo, mahali ambapo siwezi kumtajia binti wa dada yangu.

Dereva wa lori la barua ameniambia bosi Vic Toohill amekuchukua wewe ushike nafasi yangu ya upishi kambini. Nilicheka mpaka Sista akaja mbio akidhani nakata roho. Sikukucheka wewe. Niliwacheka wale wanaume wanane waliokuwa wakitukanwa na mimi kila alfajiri. Walifurahi niliposhushwa hapa na maradhi yangu, wasijue zamu inayofuata ni yako. Ulimi wa mama yako, Mungu amrehemu, ulikuwa na makali ya kunyolea kondoo, nawe ndiwe mrithi wake pekee.

Ila kazi ni kazi. Hakuna kambi ya waswaga ng'ombe kati ya Ghuba ya Kaskazini na mpaka wa kusini ambako jina la Bernie Scanlan halijafika. Nimepikia wezi wa farasi, mapadri, na mbunge mmoja aliyekula sahani tatu akasahau kushukuru. Wakati wa vita nilipika Misri, jenerali akatuma mtu aulize ni nani kapika. Nikasema, mwambie ni mimi, na aoshe sahani yake. Mwulize yeyote. Waliokuwepo wamekufa, lakini wewe uliza tu.

Sasa umeachiwa Mama Mkwe. Kile chungu cha chuma chenye miguu mitatu nilikiita hivyo kwa sababu ni kizito, hakina haraka, na ukikigusa bila adabu utaungua. Kanuni ya kambi unaijua: mfuniko hufunguliwa na mpishi peke yake. Hata bosi haugusi. Atakayeufungua bila ruhusa, kesho yake anapika yeye.

Nina ombi moja, halafu nikuache ukakande unga. Kundi lenu litapita hapa Yandala mwanzoni mwa Aprili. Uwanja wa kulaza mifugo uko ng'ambo ya mto. Nikikaa verandani hapa hospitalini nauona wote. Siku hiyo nataka Vic achinje, nawe upike mchuzi wa nyama mbichi, si hii ya gunia la chumvi, nyama ya leo leo, ndani ya Mama Mkwe, nje, kwenye makaa. Nitakuja kwa miguu yangu mpaka motoni, niufungue mfuniko mimi mwenyewe. Hilo tu. Maua wapelekee wagonjwa.

Najua hamwezi kuningoja hata siku moja. Sheria ya njia ya mifugo ni maili kumi kila kukicha, na mkaguzi ana macho. Kwa hiyo msichelewe, na mimi sitachelewa.

Mjomba wako,
Bernie

*

Kambini, kisima cha Tolley.
23 Februari 1958

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kitako na si kulala. Sisi huku wazima, ng'ombe wazima, ila mimi nina aibu, na ni heri uisikie kwangu kabla dereva wa barua hajaitia pilipili.

Jumapili niliwapikia mchuzi. Nyama niliitoa kwenye gunia, nikaikata, nikaikaanga kwa mafuta ya ng'ombe, vitunguu, viazi, karoti za mwisho. Nikatia chumvi kama mama alivyonifundisha, kiganja kimoja na kidogo cha baraka. Sikufikiri kabisa kwamba nyama ya gunia imeshalala ndani ya chumvi tangu Jumatano.

Vic alionja, akaweka sahani chini taratibu kama mtu anayeweka mtoto mchanga.

"Coral," akasema, "toka hapa mpaka baharini ni mbali sana. Umeileta na nini?"

Snow Petrie, yule mrefu mwenye meno ya farasi, akasema, "Mwacheni. Mbwa wamekula."

"Wamekula," akajibu Archie Booth, yule anayetunza farasi. "Sasa hivi wako kisimani, na sidhani kama watawaachia ng'ombe maji."

Walicheka mpaka nikacheka nao, kisha nikaenda nyuma ya lori nikalia kidogo, kidogo tu. Waliporudi kwa ng'ombe, Vic alinifuata. Hakunifokea. Alisema tukifika kwenye vizuizi vya mifugo vya Narran mambo yakiwa hivi hivi, atachukua mpishi mwanaume anayemfahamu pale. Sasa mjomba, huyo mwanaume hakujui wewe. Hatakuwa na sababu ya kukupikia Aprili. Kwa hiyo nifundishe, na unifundishe upesi, tena bila jenerali.

Jambo jingine. Dereva wa barua anasema umekonda, na kwamba huongei. Nikamwambia amekosea kitanda. Bernie Scanlan asiongee? Niambie kuna nini.

Mpwa wako,
Coral

*

Hospitali ya Yandala.
4 Machi 1958

Coral, mwana wa dada,

Salamu zako zimefika na chumvi yake. Mimi sijambo. Uji wa hapa ndio mgonjwa.

Usilie nyuma ya lori. Lia mbele ya moto, useme ni moshi. Ndivyo tunavyofanya sisi wote. Kosa lako limefanywa na kila mpishi wa njia hii. Mimi nililifanya mara moja kule Kamuwil, mwaka wa kiangazi kikubwa, na waliponitukana niliwaambia ndivyo wafalme wanavyokula. Wakamaliza.

Sasa sikiliza, na jenerali nimemwacha nje. Nyama ya gunia huilazi kwenye maji usiku mmoja tu ukajisifu. Unamwaga maji kabla ya kulala na unamwaga tena ukiamka. Halafu uilambe. Ndiyo, ulimi wako mwenyewe, kabla ya mkono wako kugusa kopo la chumvi. Mpishi asiyelamba anabahatisha.

Kuni chagua miti ya gidgee iliyokufa imesimama, si ile iliyolala chini ikila unyevu. Iwake mpaka moto uchoke kusema. Mchuzi hautaki moto unaojigamba, unataka makaa yaliyotulia. Chimba shimo dogo upande usio na upepo, beleshi moja chini ya chungu, na juu ya mfuniko kidogo tu, kama sukari juu ya mkate. Nyama ya muundi ndiyo nyama. Ipake unga, ikaange vipande vichache kwa wakati, maana ukijaza chungu nyama haikaangiki, inatoka jasho. Vitunguu mpaka vikate tamaa. Kisha chai nyeusi iliyobaki asubuhi, kikombe kimoja, wasione. Hiyo siri hata mbunge sikumpa.

Ukishafunika, ondoka. Kashone, kasome, katukane watu. Kila ukifungua unamfukuza aliyemo ndani. Na ukija kufungua, tia kulabu katikati, inua mfuniko sawasawa bila kuuinamisha, ugeuke nao upande upepo unakokwenda. Ukiinamisha, majivu yote yataingia kwenye mchuzi, na hapo hata mimi siwezi kukutetea.

Kuhusu kuongea: nimewapumzisha watu. Miaka sitini nimesema mimi, sasa wacha na wao waseme. Ninaandika kwenye karatasi nikitaka kitu. Sista anasema mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga wino, lakini chai inaletwa.

Msichelewe.

Mjomba wako,
Bernie

*

Vizuizi vya Narran.
16 Machi 1958

Mjomba wangu,

Shikamoo tena, na mikono yangu yote miwili inakushika miguu. Mimi bado ni mpishi.

Nilifanya kama ulivyosema, mpaka na ile chai. Nilipofunika nikaenda kukaa mbali, nikashona shati la Vic. Snow Petrie akaja na njaa yake, akazunguka moto kama mbwa wa jirani. Akadhani sioni. Akachukua kulabu.

"Weka," nikamwambia.

"Nachungulia tu, dada. Kama iko hai."

Akaufungua, tena akauinamisha. Majivu kidogo yakaingia upande mmoja. Nilivua aproni yangu nikaenda nikamfunga nayo kiunoni, mafundo mawili, mbele ya wote.

"Kanuni ya Bernie," akasema Vic. "Kesho unapika wewe."

"Bosi, mimi sijui hata kuchemsha maji!"

"Basi tutakula maji mabichi."

Akapika kweli. Sitaki kukumbuka. Ila ule mchuzi wangu, mjomba, waliumaliza. Vic alifuta sahani kwa mkate wa majivuni, akaifuta tena, akabaki anaitazama. Hakusema lolote juu ya mpishi wa Narran, na tulipofika hapa alimwamkia yule mtu tu akapita. Archie alisema, "Hata Bernie." Hakuendelea, lakini nilimsikia.

Sasa acha nikuulize, na usinijibu kwa masihara. Dereva wa barua ameniambia daktari alikuandikia treni ya kwenda Brisbane, kwenye hospitali kubwa yenye mashine, nawe umekataa. Eti umesema una miadi na ng'ombe.

Mjomba, mama angekuwa hai angekuja hapo akakuvuta kwa sikio mpaka stesheni. Mimi siwezi kufika, kwa hiyo nakuvuta kwa kalamu. Nenda Brisbane. Chungu cha chuma hakiozi. Ukirudi nitakupikia popote, hata uani kwa nyumba ya mtu. Mimi sina mtu mwingine wa kumwandikia barua. Usinifanye niwe naandikia kisanduku.

Mpwa wako,
Coral

*

Hospitali ya Yandala.
24 Machi 1958

Coral,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Hali yangu nitakueleza, maana umeniuliza bila kuzunguka, na mama yako naye alikuwa hivyo.

Si jipu. Limekaa kooni na halitaki kuhama. Sauti liliichukua kwanza, ndiyo maana siongei; si ukarimu. Sasa limechukua na njia ya chakula. Wiki ya tatu hii napewa maziwa kwa mrija mwembamba unaopita puani. Nisamehe kwa ile stori ya uji. Hata uji huo sijauonja.

Daktari alikaa kitandani pangu, si kusimama, ndipo nikajua. Ni kijana mzuri, nimemtania bure. Alisema Brisbane hawawezi kuliondoa, ila kwa mashine wanaweza kuniongezea siku. Nikamwandikia: siku za kula nini? Akacheka, halafu akageuka dirishani.

Kwa hiyo utajiuliza, mtu asiyemeza anataka mchuzi wa nini.

Nitakwambia, nawe ni mpishi sasa, utaelewa. Mimi mchuzi wangu sijaula hata siku moja nikaufaidi. Mpishi anakula mwisho, amesimama, kilichobaki, na pua yake imeshashiba moshi. Watu wanadhani raha yetu iko mdomoni. Raha yetu ni pale unapoinua mfuniko, mvuke unatoka, na watu waliokuwa wakigombana wananyamaza. Wanane, kumi, ishirini, wote wananyamaza. Nimezunguka dunia, nimeona piramidi kwa macho haya na ngamia aliyevaa kofia, lakini kitu kizuri kama hicho sijakiona. Sikuoa, sina mtoto, sina hata ukuta wenye jina langu. Nina ule unyamavu. Nataka niuone mara moja tena, basi.

Brisbane nitafia kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama dirisha. Hapa nina veranda, na kila asubuhi natazama kaskazini kama kuna vumbi.

Usinivute sikio. Swaga ng'ombe wako uje.

Mjomba wako anayekupenda,
Bernie

*

Kilimani, ng'ambo ya mto, mbele ya Yandala.
3 Aprili 1958

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali au nikueleze yetu. Tumefika, mjomba. Tumefika na hatujafika.

Jumatatu miti ya gidgee ilianza kunuka. Ule uvundo wake unaujua, kama kabichi iliyosahauliwa. Archie alinusa akasema, "Mvua hiyo si kesho, ni leo." Ilinyesha siku hiyo yote na iliyofuata. Udongo mweusi ukageuka gundi. Kwenye kijito cha mwisho lori liliteleza ubavu, sanduku la vyombo likaenda na maji, masufuria yote, na lile birika kubwa. Mama Mkwe peke yake hakwenda. Alikaa pale pale alipokaa, kwa uzito wake.

Sasa Mto Barcoo umejaa kutoka miti ya ukingo huu hadi miti ya ukingo ule. Tuko juu ya hiki kilima cha mchanga na ng'ombe wamezunguka pande zote, wana wasiwasi. Wanaume wanalinda kwa zamu mchana kutwa, wanakuja kula wawili wawili, wamelowa hadi mifupani. Mkaguzi mwenyewe alipiga kelele kutoka ng'ambo kwamba maili zake kumi ametusamehe.

Bati la hospitali naliona. Veranda naiona pia. Jana kulikuwa na mtu amekaa kwenye kiti upande wa kushoto, ana blanketi la kijivu. Nilipunga aproni. Ulikuwa wewe?

Mashua ya polisi inavuka asubuhi ikiwa maji yametulia, inaleta unga na barua. Ina nafasi ya mtu mmoja. Nilimwambia Vic. Akavua kofia, akasema, "Nenda, Coral. Usiniombe ruhusa kwa jambo kama hilo."

Lakini nikamwona akitazama moto. Kilima chote kimelowa. Tuna moto mmoja tu, chini ya turubai, na kuni ninazikausha kwa zamu kando yake kama nguo za mtoto. Ukiachwa saa moja unakufa, na hakuna kijiti kikavu cha kuuwasha tena. Chungu nacho ni kimoja.

Mjomba, nataka kuja. Nataka nikushike mkono, nisiwe naandika. Niandikie neno moja, nitalifuata.

Mpwa wako,
Coral

*

Yandala.
4 Aprili

Coral,

Nilikuwa mimi. Nilipunga nami, lakini mkono haukupanda sana.

Baki.

Mpishi hauachi moto na watu wamelowa. Wakikosa chakula cha moto watasinzia juu ya farasi, na ng'ombe wakikurupuka karibu na maji, utazika watu. Mimi mmoja, wao wanane, na hesabu yangu inajulikana.

Pika hapo hapo. Nitautazama moshi.

Mjomba

*

Kilimani.
6 Aprili 1958, siku ya Pasaka

Mjomba wangu,

Natumaini mikono yako ina nguvu leo, maana ina kazi.

Nimebaki, kama ulivyosema. Lakini hukusema kwamba chungu nacho kibaki.

Vic amechinja alfajiri. Usiulize alama ya yule ng'ombe ilikuwa ya nani. Vic anasema alikuwa amepotea, na kwamba kwa mtu aliyepotea Pasaka ni siku nzuri ya kupatikana. Nyama ya muundi, ya leo leo, haijaona chumvi ila ile niliyoitia mimi, nikalamba. Karoti hatuna, zilikwenda na maji. Viazi vipo. Chai ipo. Makaa yametulia tangu asubuhi na sijafungua hata mara moja, kwa hiyo kilichomo ndani sijakiona. Utakuwa wa kwanza.

Archie anavuka na polisi. Tumekaza ukingo wa mfuniko kwa unga wa ngano uliokandwa, tukakizungushia magunia makavu, tukakitia ndani ya sanduku. Archie ameapa hatakigusa. Snow alitaka kwenda yeye, nikamwambia labda mwaka ambao maji yatapanda mlima.

Kulabu iko juu, ndani ya aproni yangu.

Mimi niko hapa kando ya moto. Nitaulisha mpaka chungu kirudi. Tazama kaskazini, utaona moshi, ujue nimekaa.

Mpwa wako,
Coral

*

Yandala, Pasaka, jioni

Mpwa wangu,

Archie ananingoja na mashua inamngoja Archie, kwa hiyo nitaandika upesi na kuku wangu wa wino.

Walikibeba kwenye mti, yeye na polisi, kama wawindaji. Metroni Kehoe, mkuu wa wauguzi, akasimama mlangoni. "Kitu hicho hakiingii wodini kwangu," akasema. "Kina masizi."

Archie akamjibu, "Mama, kimevuka Barcoo leo. Kukizuia mlangoni ni dhambi."

Akawaza. "Verandani," akasema. "Na gazeti chini."

Wakatoka wote wanaoweza kutembea, na wasioweza wakasukumwa na vitanda vyao. Kwenye kitanda cha jirani yangu yuko Fergus Lawlor, mkata manyoya ya kondoo, mzee ambaye tangu aletwe hajamsemesha mtu, amegeukia ukuta. Wakamsukuma naye, na ukuta wake ukabaki nyuma.

Nilipiga magoti. Archie akanishika kiuno. Nikabandua unga wa ukingoni kwa kisu, nikatia kulabu, nikainua. Sawasawa, Coral, bila kuuinamisha. Mvuke ukanijia usoni.

Sikusikia harufu.

Sikwambii uongo Pasaka. Hakuna kitu. Uso ulilowa, nikajua ni moto, nikajua ni mvuke, lakini pua imekwenda na vingine, na sikuwa najua mpaka dakika ile. Nikabaki pale na mfuniko mkononi kama mjinga aliyefungua sanduku lisilo lake.

Halafu nikageuka kuwatazama watu.

Walikuwa wamenyamaza. Metroni amenyamaza, daktari kijana amenyamaza na tochi yake. Yule mama wa kitanda cha mwisho amefumba macho na kidevu kimepanda juu kidogo, hivi. Polisi amevua kofia. Sikuhitaji pua. Niliisoma harufu yako kwenye nyuso zao, na nilijua vitunguu vilikata tamaa vizuri, na chai umetia.

Fergus Lawlor akasema, sauti imeshika kutu, "Ni nani kapika?"

Wote wakanitazama mimi. Unanijua, Coral. Ningekuwa na sauti ningemwambia mengi, na jenerali angekuwemo. Nikachukua karatasi nikaandika: Mpwa wangu. Archie akaisoma kwa sauti, na Fergus akaitikia kwa kichwa.

Walikula kijiko kijiko kwenye vikombe vya chai. Metroni akataka kuchota tena. Hapo ndipo nilipomwandikia Archie: wenzako wamekula nini?

Akatazama miguu yake. "Bado. Coral alisema, Bernie kwanza."

Toka asubuhi! Wanaume wanane kwenye matope, na chungu kimoja, nawe ukakituma kije kufurahisha mzee! Ningekuwa na sauti ningekutukana mpaka ng'ombe wasikie. Sina, kwa hiyo nimelia tu mbele ya watu, na moshi wa kusingizia haupo.

Nimefunika mimi mwenyewe. Zaidi ya nusu imo. Nimekwambia mara ngapi mpishi anakula mwisho, na mimi bado ni mpishi.

Nauona moshi wako. Umesimama wima, upepo umelala, maji yatashuka. Yakishuka vukeni mara moja, msinipitie kama mtachelewa, mkaguzi hatasamehe mara mbili. Nisipokuwepo kitini usiulize wodini. Swaga.

Kikifika kitakuwa kimepoa. Kirudishe kwenye makaa, machache chini, machache juu, usikiharakishe. Halafu fungua, uwaite wawili wawili, wape wale.

Mjomba wako